Siku Ngige Alipokata Kiande Kanduyi

Ndugu yangu Ngige ni mwigizaji, na mimi Wangu, dada yake mkubwa, nalisema hilo hapa sokoni Kitale bila kupunguza sauti. Kuna watu wakisikia hivyo wananiuliza, ati hiyo ni kazi? Nawaambia ndiyo, ni kazi, na kama wanataka sweta wanunue, kama hawataki wasinizibie jua. Mimi nauza mitumba na hakuna aliyewahi kuniuliza kama mitumba ni kazi.

Aliyekuwa haamini ni mama. Mama yetu Gladwell ana duka la mbegu na mbolea karibu na stendi, na tangu baba atutoke alikuwa amemwekea Ngige nafasi yake nyuma ya kaunta. Ngige ndiye mvulana pekee. Kanisani wakimuuliza kijana yuko wapi siku hizi, mama alikuwa anasema yuko Bungoma kwa shughuli, halafu anageuza maneno. Mtu akisema shughuli, jua kuna kitu hataki kukitaja. Mimi iliniuma kuliko ilivyomuuma Ngige mwenyewe.

Yeye hakuumwa na lolote. Huyu ni mtoto aliyezaliwa bila haya. Akiwa darasa la nne alikuwa anamwigiza pasta wetu, jinsi anavyopangusa jasho kabla ya kuitisha sadaka, mpaka siku moja pasta akamkuta, akashindwa kukasirika, akacheka. Alipomaliza shule aliingia kwa kikundi kinachozunguka shule za sekondari kikiigiza vitabu vya mitihani. Wanafunzi wanajaa ukumbini na madaftari yao, waigizaji wanapanda jukwaani, na yule ambaye hajafungua kitabu angalau anaona ni nani aliyekufa. Ngige alizunguka hivyo kutoka Kitale hadi Lwakhakha kule mpakani. Kwa kuwa ni mwembamba na sauti yake anaigeuza anavyotaka, walikuwa wanampa wazee, polisi, na hasa nyanya. Magauni na leso nilimtafutia mimi kwa marobota yangu. Kuna nyanya wake mmoja alifanya shule nzima ya wasichana isisikie kengele ya chakula.

Halafu akatokea Wanyonyi. Huyu ni mtu wa Kanduyi, pale pale Bungoma, alikuwa anapiga video za harusi na mazishi, akachoka kupiga watu wakila, akaamua kutengeneza filamu yake ya kuchekesha. Hadithi ni ya kijana anaitwa Kibe, yatima, anayetaka kuwa mwigizaji na pia anataka kuoa. Baba ya msichana hataki kusikia habari za waigizaji, kwa hivyo Kibe anamdanganya kwamba ni mwalimu, na siku ya sherehe anakodisha mwanamke awe mama yake. Huyo Kibe alikuwa apewe kijana wa Nairobi. Ngige akaenda Kanduyi, akasoma ukurasa mmoja mbele ya Wanyonyi, akarudi Kitale akiwa ndiye Kibe. Aliniambia, "Wangu, hii ni yangu. Hata wangeita watu wote wa Nairobi." Sikumbishia.

Mama alimpa masharti. Mvua ya kupanda ikianza, duka linajaa watu, na yeye peke yake hawezi tena. Filamu ikiisha kabla ya mvua, sawa, ataona la kufanya. Isipoisha, Ngige arudi nyuma ya kaunta na mambo ya kuigiza yaishe kabisa. Ngige akakubali bila hata kumeza mate, maana ndivyo alivyo.

Kazi ikaenda vizuri, ikabaki sherehe tu. Na sherehe ndiyo filamu yenyewe, kwa sababu pale ndipo Kibe anakiri kwamba mama ni wa kukodi. Wanyonyi alitaka wakate keki. Ngige akakataa. Sisi Wakikuyu, habari ya mahari ikishakaa sawa, kijana anakata kiande, yaani bega la mbuzi wa kuchoma, mbele ya wazazi wa pande zote mbili. Anakata pale kwenye kiungo, na kisu kikipita, huyo ni mke wake, kanisa lifuate au lisifuate. Ngige alisema wakikata keki, Kitale yote itawacheka. Wanyonyi akasema sawa bana, lakini yeye hana watu wanaojua mambo hayo. Ndipo Ngige akamtafuta Mzee Mbugua, muuza mbao wa Bungoma na mzee wa kanisa, ambaye Wakikuyu wengi wa mji ule wamekata kiande mbele yake. Mzee akaja na wenzake watatu, makoti na kofia, mbuzi akachomwa inavyotakiwa, na Jerono, anayeigiza bibi harusi, akafungwa leso. Jerono ni mtu wa Kapsokwony, ana mume na watoto huko mlimani, na habari za kiande alikuwa anazijua kama mimi ninavyojua kuendesha ndege.

Ngige akashika kisu. Na papo hapo wazee wote wanne wakainuka.

Waliinuka kwa sababu ndivyo inavyofanywa. Mzee hawezi kukaa kitini kisu kikitafuta kiungo. Lazima aone kwa macho yake kama kijana amekipata mara moja au anasaga mfupa. Wakamzunguka Ngige, wakainama, wakapiga makofi, wakabariki. Wanyonyi alipotazama kwa kamera alikuta makoti manne yamempa mgongo. Uso wa Ngige hauko, kisu hakiko, hata mbuzi hayuko. Akawaomba wazee waketi, warudie.

Mzee Mbugua akamtazama kama mtu aliyeomba marehemu azikwe mara ya pili. Akasema kiande hakirudiwi. Wanyonyi akamkumbusha kwamba hii ni filamu tu.

"Filamu ni yenu," mzee akasema. "Kiande ni chetu."

Wanyonyi, maskini, akadhani shida ni nyama. Akasema si mbuzi ana mabega mawili, bado lile la kushoto. Hapo ndipo aliharibu kabisa. Wazee wakaenda kuketi mbali, na Mzee Mbugua akaanza kuuliza maswali ambayo alipaswa kuyauliza asubuhi. Huyu kijana ni wa nani? Mama yake halisi yuko wapi? Alipoambiwa ni mtoto wa Gladwell wa Kitale, ambaye wanajuana kwa mikutano ya kanisa, akatoa simu mfukoni.

Nilikuwa dukani kwa mama simu ilipoingia. Nilimwona akisikiliza, kisha akiketi juu ya gunia la mbolea. Mzee alikuwa anamwambia, kwa heshima zote, kwamba mwanawe amekata kiande Kanduyi, na kwamba wao kama wazee wanaomba msamaha, hawakujua mama hakuitwa. Mama akaniambia nimpigie Ngige nimuulize msichana ni nani. Nikapiga. Ngige akichoka hajui kuzungusha maneno, akaniambia ni bibi ya mtu wa Kapsokwony.

Haki ya Mungu, sijawahi kuona duka likifungwa haraka hivyo. Na mvua ya kwanza ilikuwa imeshanyesha, wakulima wamejaa mlangoni wakiuliza mbegu. Mama akawaambia warudi kesho. Tulipitia Kimilili mpaka tukaona uwanja wa Kanduyi. Hapo akaniambia tukifika niende moja kwa moja nikusanye nguo za Ngige, kijana anarudi nyumbani leo.

Tulimkuta amesimama mbele ya wazee akiwasihi, bado amevaa koti la Kibe nililomchagulia mimi. Wanyonyi alikuwa ameketi juu ya sanduku la kamera ameshika kichwa, anaangalia jua likienda. Mama hakusalimia mtu, na kwa mama yetu hilo ni jambo kubwa.

"Mvua imeanza na kazi yako haijaisha," akamwambia Ngige mbele ya wote. "Na umekata kiande mimi nikiuza mbolea. Nani alikuwa mama yako hapa?"

Hasira ya mama naijua, ina kelele nyingi. Hii haikuwa na kelele. Alikuwa ameumia, na mimi nikatamani ardhi ipasuke.

Mimi ningepiga magoti. Ngige hakupiga. Alimvutia mama kiti.

"Mama, aliyekata hapa hana mama," akasema. "Keti nikuonyeshe."

Kisha akamwomba yule mwigizaji wa mama wa kukodi arudi mahali pake, na Jerono naye asimame pake, na akaanza yale maneno ya Kibe bila kamera kuwashwa na bila mtu kumwambia aanze.

Kwanza mabega yake yaliteremka. Ngige anatembeaga kifua mbele hata akiwa hana kitu, lakini huyu aliyesimama pale alikuwa mtu aliyezoea kula kwa watu na kushukuru mara mbili. Akawaambia wazee kwamba amelelewa kwa shangazi mmoja hadi mwingine, hajui hata sura ya mama yake, na huyu aliyeketi hapa alimtoa sokoni. Akaeleza jinsi alivyopita akiwapima kina mama kwa macho kama mtu anayechagua kuku, huyu mkali sana, huyu hafanani naye masikio, na wazee wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Halafu akamgeukia yule mama wa kukodi, akamuuliza kwa sauti ndogo kama anaweza kukaa kidogo hata sherehe ikiisha, wapigwe picha moja tu, wawili.

Hakuna aliyecheka tena. Mzee Mbugua alijisahau kabisa, akamjibu kwamba aketi, mwanangu, hapa ni kwenu. Maneno hayo Wanyonyi hakuyaandika popote.

Mimi nilikuwa nalia, nguo za Ngige nimezikumbatia kifuani. Jerono naye alikuwa analia. Ngige akabaki amesimama, mikono mbele, akingoja wazee waamue, bado ni Kibe. Mama akamtazama kuanzia viatu hadi kichwa, pole pole, jinsi anavyomtazama mteja ambaye hajawahi kumwona dukani. Akapangusa macho kwa kitambaa chake cha kichwa. Kisha akamgeukia mzee.

"Mzee Mbugua," akasema, "nilikuja kumchukua Ngige, na hapa sijamwona. Huyu kijana mwingine mpeni kisu."