Fundi Sikio na injini zinazoandika

Saa mbili asubuhi, gari dogo jeupe linaingia gereji likitetemeka kama mwenye homa. Taa ya injini inawaka kwenye dashibodi. Mwenye gari, mama muuza vitambaa, anaanza kueleza linavyokohoa likipanda kilima, kisha anakumbuka kuwa anayeelezwa hasikii. Anamgeukia mke wa fundi.

Fundi ameshainama chini ya usukani. Anachomeka waya wa mashine ya kupimia injini, kikasha kinachoenea kiganjani, na kusubiri. Namba ya kosa inajitokeza: silinda ya pili haichomi mafuta sawasawa.

Wengine wangekimbilia kununua plagi mpya. Yeye anachomoa koili ya silinda ya pili, kifaa kinachoipelekea plagi umeme, na kuibadilisha na ya tatu, anafuta kosa kwenye mashine, kisha anawasha injini na kuweka kiganja juu yake. Baada ya muda kosa linarudi, safari hii likiilalamikia silinda ya tatu. Limehama pamoja na koili; mbovu ni koili, si plagi.

"Mchawi tumemkamata," anasema, kwa sauti ya kuamsha mtaa. Mkewe anashusha mkono hewani, ishara ya kumwambia apunguze, na wote watatu wanacheka.

Wateja humwita Fundi Sikio. Jina alilipata zamani, enzi alipokuwa akiegemea boneti tu na kutaja ugonjwa ulipo. Kisha homa ya uti wa mgongo ikamlaza hospitali. Alipozinduka, aliona midomo ya mkewe ikicheza bila sauti, akadhani anataniwa.

"Nilishukuru kuwa hai, siwezi kukufuru," anasema. "Ila nilijiuliza, fundi asiyesikia injini ana tofauti gani na mpishi asiye na ulimi?"

Alirudi kazini kwa ubishi. Siku moja alifungua injini nzima akisaka mlio aliosimuliwa, kumbe kilicholegea ni kibati cha kukinga joto chini ya gari. Mteja alichukua gari lake asirudi tena, na wengine wakamfuata. Mkewe akaanza kufua nguo za watu, na spana zikaingia sandukuni kusubiri mnunuzi.

Upande wa pili wa ukuta wa mabati alikuwepo fundi umeme wa magari. Kwa miaka mingi wawili hao hawakusalimiana, kila mmoja akidai mwenzake anamwibia wateja. Siku moja jirani huyo ndiye aliyebisha hodi. Fundi Sikio alijua moja kwa moja kwamba jirani amekuja kuzinunua spana kwa bei ya kutupa.

Maneno ya mgeni huyo mke wa Fundi Sikio anayakumbuka vizuri, kwa kuwa ndiye aliyeyaandika kwenye simu ili mumewe ayasome: "Shemeji, mwambie injini za siku hizi zinaandika. Na yeye kusoma anajua."

Jirani akaweka mashine ile ya kupimia mezani, akaenda zake. Kesho yake alirudi kumfundisha, na keshokutwa, mpaka mwanafunzi akaelewa kwamba mashine humwonyesha nyumba yenye kelele tu; mwizi inabidi amtafute mwenyewe.

Wateja walirudi mmoja mmoja. Mkewe ameacha kufua nguo za watu. Siku hizi hupokea magari na kuuliza maswali kwa niaba ya mumewe. Mashine bado ni ya jirani, ambaye kila akitajiwa habari ya kurudishiwa hujifanya ameitwa na mteja.

Sasa wamekubaliana kuyang'oa mabati na kuwa na gereji moja. Kilichobaki ni ubishi wa kibao: kila mmoja anataka jina la mwenzake litangulie.

Fundi Sikio anasema hana ombi kubwa, ila wazeeke wakifanya kazi pamoja.

"Nilikuwa na masikio mazima miaka yote ile, na mtu huyu sikumsikia," anasema, akimtazama jirani yake akikunja waya upande wa pili. "Nataka kuifidia miaka hiyo."