King'ora cha Bolethe

Saa tatu asubuhi, Tasiilaq, mashariki mwa Greenland. Anga ni buluu na moshi wa majumbani unapanda wima. Bolethe Ignatiussen, 52, anamaliza kukwangua barafu kwenye dishi la kituo cha hali ya hewa, anaingia ndani, anasoma kompyuta, kisha anapiga king'ora.

Mbwa wa mji mzima wanaitikia kabla ya wenye mbwa.

"Shemeji, jua lote hili unataka tujifungie kama wagonjwa?" Gideon Kuitse, mwindaji wa sili na mdogo wa marehemu mumewe, yuko mlangoni; nje keshafunga mbwa kumi na wawili kwenye sleji, gari lake la kuteleza thelujini.

"Jua halina habari. Fungua mbwa."

"Aprili ulisema hivyohivyo."

Kweli. Aprili alipiga king'ora, wawindaji wakashinda ndani, na nje haukutikisika hata unyoya. Halmashauri ikamwonya: akikosea tena, kazi anapewa mwingine.

"Halmashauri haijazika mtu," Bolethe anasema. "Mimi nimezika jeneza lenye koti tu."

Mumewe, Anda, alitoka asubuhi kama hii miaka tisa iliyopita. Utabiri ulisema shwari. Setilaiti zilizopita juu ya ncha ya dunia zilikuwa chache, na habari zake zilifika zimechacha.

Sasa kuna setilaiti ndogo, nyingine hazizidi jokofu, zinazopita huko mara kwa mara zikipima joto na unyevu wa hewa. Leo zimeona baridi kali ikijikusanya juu ya barafu kuu inayofunika bara, tayari kuporomokea mjini kwa upepo.

Zamani hizo Bolethe alikuwa akifagia kiwanda cha samaki. Kazi hii ya kituoni aliifuata mwenyewe baada ya msiba.

"Wahandisi wa kituo waliniuliza nimesomea wapi. Nikawaambia, matangani."

Dhoruba ilitabiriwa saa tisa alasiri. Saa tisa, kimya. Saa kumi, kimya. Gideon anapita dirishani na kikombe cha kahawa, anakiinua kumtakia maisha marefu.

Saa kumi na moja upepo unashuka. Sleji tupu inavuka barabara peke yake, na Gideon anaingia kituoni mbio, anaufunga mlango kwa bega.

"Dhoruba yako imechelewa saa mbili, shemeji."

"Kwani ulikuwa unawahi wapi?"

Setilaiti zikiongezwa, Bolethe anasema, hata saa hizo mbili zitapungua. Wakati anazisubiri, kikao kijacho ataiomba halmashauri king'ora cha pili, cha kijiji jirani cha Tiilerilaaq.

"Wa kule ni wabishi kuliko hawa," anasema. "Nitakipeleka mwenyewe."