Asiichukue Hiyo Saa

Watu wananiuliza kwa nini mwanamke wa Tukuyu, mwenye banda la mitumba sokoni, akusanye saa za wapiga mbizi. Mbona hawawaulizi wanaume wanaokusanya jezi? Mimi nazipenda, basi. Kuogelea sijui na bahari nimeiona kwenye simu tu, lakini saa iliyotengenezwa kwa ajili ya askari wa majini, ikazama mita mia tatu gizani na mishale bado inawaka, hiyo naielewa. Haitaki kubembelezwa.

Ninazo tatu. Nilikuwa nazo nne.

Hiyo ya nne nyuma imechongwa kofia ya chuma ya mzamiaji na namba: 47 kati ya 300. Dunia nzima zipo mia tatu. Niliisaka miaka miwili, nikaipata Mbeya, nikaibadilisha na saa zangu mbili nzuri.

Siku hiyo nilikuwa naifuta mezani, baba mkwe akapiga hodi. Katoka Masukulu na mkungu wake wa ndizi. Kwetu Wanyakyusa mke hamwangalii baba mkwe wala hamsemeshi. Kidato cha nne nimemaliza, lakini hilo nalishika. Nikakimbilia jikoni, saa nikaiacha mezani. Ujinga wangu.

Nikasikia mkanda wa chuma unalia.

"Kasaa kazuri haka!"

Mume wangu yuko zamu kiwanda cha chai. Nyumbani nina binti yangu wa miaka mitatu tu. Nikamnong'oneza, "Mwambie babu asiichukue hiyo saa."

Akatoka mbio. "Babu! Mama anasema aichukue hiyo saa!"

Silabi moja. Kaimeza silabi moja!

"Ndaga fijo, mkwe!" baba mkwe akashukuru kwa sauti kuelekea jikoni. "Ndaga! Wanangu wa kuwazaa mwenyewe hawajawahi kunivisha kitu!"

Nami nyuma ya mlango, nimeng'ata khanga.

Mume wangu aliporudi alicheka mpaka akakaa chini. "Sasa nikamvue mzee saa? Kamwambie mwenyewe," akasema, akijua fika kwamba siwezi.

Wiki mbili baadaye akaniletea habari nyingine. Mzee anaitunza sana, shambani haendi nayo, anaiacha kabatini. Ikasimama. Akaipeleka kwa fundi, Bagamoyo yetu hii ya hapa mjini, aitie betri. Betri! Saa inajijaza yenyewe kwa mkono unaotembea. Fundi kaibandua mfuniko kwa kisu, hakuona betri, akaugandamiza akarudisha. Mpira wa kuzuia maji ndio basi tena.

Jumapili nje ya kanisa, Kawetele, mvua inanyunya. Nimeinamisha kichwa, sura ya mzee sikuiona, ila mkono niliuona. Ukungu umejaa ndani ya kioo. Saa ya mita mia tatu imezama kwenye manyunyu!

Nikamvuta binti yangu. "Sema asi."

"Asi."

"Asiifungue tena. Haya, kamwambie babu."

Akaenda akirukaruka. "Babu! Mama anasema aifungue tena!"

"Haya, mkwe," mzee akajibu kwa furaha. "Kesho naipeleka kwa fundi."

Nilimpa mgongo, nikauangalia ukuta wa kanisa, nikapiga kelele: "ASI! ASIIFUNGUE!"

Kwaya iliyokuwa ikiimba mlangoni ikakatiza wimbo. Mama mmoja akashika kichwa. Mawifi bado wananisema mpaka leo.

Saa haijafunguliwa tena. Wala haijarudi.