Siku Bibi Aliposhuka Kumtazama Mjomba kwenye Televisheni

Wenzangu mliokulia Morogoro miaka ile ya ruksa, mitumba ilipoanza kujaa sokoni na viwanda vikaanza kunyamaza kimoja kimoja, nyinyi hamhitaji kuelezwa. Mwanangu ndiye anayehitaji. Juzi nusura aipasue simu kwa hasira, eti watangazaji wa mpira wa Ulaya wanaipendelea timu pinzani. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kijana anaonewa na watu wasiojua hata kama yupo duniani! Sisi tulionewa na watu wa Dar es Salaam, mwendo wa saa chache kwa basi, tena watu waliokuwa wakila kabichi zetu.

Mtaani kwetu Kichangani televisheni ilikuwa moja, ya Mzee Shabani, Mnyamwezi aliyekuja zamani na reli akafungua duka. Antena aliifunga juu ya mianzi miwili iliyoungwa, na upepo ukishuka kutoka mlimani, wachezaji ishirini na wawili walikuwa arobaini na wanne. Siku ya mechi aliitoa barazani na kuiweka juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma. Watoto tulikaa mbele, kwenye mkeka, baada ya kupita kwa wazee wote kutoa shikamoo. Ukimruka mmoja unarudishwa nyumbani, hata kama mpira umeshaanza. Mimi nilirudishwa mara mbili, na mara zote mbili timu yetu ilifungwa, kwa hiyo lawama nikapewa mimi.

Ila mkosaji mkuu, sote tulikubaliana, alikuwa mtangazaji. Mchezaji wa Dar akitoa pasi, tuliambiwa ni pasi ya kisomi. Wa kwetu akitoa pasi ileile, mpira "umempotea." Wa Dar walikuwa na majina, majina ya utani, na habari za magoti yao. Wa kwetu walikuwa namba tu. Kamera nayo ikiwachoka mastaa wa Dar, ilimgeukia kocha wao akitafuna bazoka, kisha mashabiki wao, kisha muuza machungwa wao.

Dawa yetu ilikuwa moja: Mzee Shabani alizima sauti, na baba yangu akatangaza. Baba alikuwa amepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha nguo, na sauti aliyozoea kuipaza juu ya mashine ilikuwa haina kazi. Alitangaza kwa haki kabisa. Beki wetu akimpiga mtu kwanja, Baba alisema jamaa kateleza. Wao wakifunga, ni kuotea. Hatukuona upendeleo wowote hapo, tulisema huyu ndiye mtangazaji wa kweli.

Basi, msimu mmoja timu yetu ilikwenda Dar kucheza mechi ya mwisho. Sare tu ingetuokoa tusishuke daraja. Asubuhi ya siku hiyo alitokea Bibi, mama yake mama, kutoka Mgeta, huko juu milimani, na kapu la njegere kichwani na rozari shingoni. Tulishtuka. Mjomba Kosmas, mwanawe wa mwisho, ndiye aliyekuwa beki namba tatu. Aliondoka mlimani msimu wa kupanda, akayaacha matuta nusu, akaja mjini kucheza mpira. Bibi aliapa kwamba hatamfuata mtoto aliyeuacha mpini wa jembe. Mjomba naye alikuwa na kichwa kigumu, wametoka tumbo moja na mama yangu, namfahamu. Mwaka ulipita na zaidi, hakuna aliyemkanyagia mwenzake mlangoni.

"Umekuja kumwona Kosmas, mama?" mama yangu aliuliza kwa upole.

"Nani kasema? Nimekuja kutazama hilo sanduku la Shabani."

Saa kumi alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbele, na mtaa mzima umemwamkia. Mzee Shabani, kwa kuwa Wanyamwezi na Waluguru ni watani, alimwambia asiogope, watu wa ndani ya sanduku hawali watu wa mlimani. Bibi akamjibu kwamba watu wa Tabora wote wangetosha kwenye sanduku hilo na nafasi ikabaki. Baba hakucheka. Kumtangazia mpira mama mkwe si jambo dogo, maana hata tusi la refa ilibidi alimeze.

"Kosmasi yuko wapi?" Bibi aliuliza mpira ulipoanza.

"Huyo, mama, kushoto! Kaupokonya!" Baba alisema, lakini kamera ilikuwa imeshakimbilia upande wa pili. Akauliza tena. Mara yuko nyuma ya yule mrefu, mara mguu wake ndio ule. Dakika zikaenda. Tulimwona muuza machungwa mara tatu. Mjomba hatukumwona hata uso. Bibi akaomba sauti ifunguliwe, angalau alisikie jina, naye mtangazaji akasema, "Beki namba tatu, anaupiga nje." Mzee Shabani akaizima tena, Bibi akaishika rozari yake. Mimi mtoto nilimwona akiikaza mkononi, na siku hiyo nikaichukia televisheni kwa moyo wote.

Zilibaki dakika chache, sare ikiwa mikononi. Ikapigwa krosi, Mjomba akaruka kuokoa, akautia mpira kwa kichwa kwenye wavu wetu.

Baba alifungua kinywa kutafuta neno, upepo labda, au kuotea, akakosa. Na hapo kamera, ambayo alasiri nzima haikumjua, ikamsogelea Mjomba mpaka uso ukajaa kioo chote. Wakamwonyesha amepiga magoti. Wakarudia goli, wakarudia polepole, wakarudi usoni tena. Watu wakaanza kuwalaani watangazaji, waone aibu, kumdhalilisha mtoto wa watu namna hii!

Bibi alikuwa amesimama. "Kosmasi!" aliita, na kidole kiligusa kioo. "Huyo! Jamani, amekonda."

"Mwanao katufunga, Mluguru wewe!" Mzee Shabani alilia.

"Kufunga si ndiko alikokwendea?" Bibi alijibu bila kugeuka. "Nanyi mnasema hawa watu wana upendeleo. Mbona wamemwonyesha yeye peke yake?" Kisha sauti yake ikashuka. "Analia. Hajala huyo."

Kesho yake mashabiki walijaa stendi ya Msamvu kulisubiri basi la timu. Hawakuja na maua. Nilisikia matusi yakipangwa ambayo hata leo siwezi kuyaandika. Bibi alikwenda, nami nikishika upindo wa khanga yake, akasimama pale mlango wa basi ungefunguka, na sufuria la njegere na wali limefungwa kitambaani.

"Huyu ni nani?" mmoja aliuliza.

"Mama yake Kosmas," nilisema.

Yule kaka alikuwa ameshavuta pumzi ya kutukana. Ikabidi aitoe kwa njia nyingine. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Aliyemfuata naye akaamkia, na wa nyuma yake, na mwingine, kwani nani angejipitisha mbele ya mama wa watu bila shikamoo? Ukishaitikiwa marahaba, tusi la mtoto wake halitoki tena, linakwama kooni. Mjomba alishuka ameinamisha kichwa. Bibi hakusema habari ya jembe wala ya mpira. Alisema, "Kula kwanza." Akala palepale, amekaa kwenye ngazi ya basi, huku anafuta machozi kwa mkono wenye wali.

Timu ilishuka daraja na haikupanda tena. Bibi tulimzika Mgeta miaka mingi iliyopita. Siku hizi kamera zimejaa uwanja mzima, na mwanangu anamtukana kwa simu beki asiyejua mama yake ni nani, hajamwamkia wala hatamwamkia. Namwonea huruma. Hana wa kumkwamishia tusi kooni.

Mjomba Kosmas amezeeka, analima matuta yaleyale. Anayo televisheni, na sauti ameizima. Mchezaji akijifunga, sisi wengine tunashika vichwa, yeye husogea karibu na kioo na kuwaambia wale watu wa ndani, "Rudieni tena. Huenda mama yake hajamwona vizuri."