Mama Niliyemnyima Komunyo Nikidhani ni Mheshimiwa

Mkasa huu sijawahi kuusimulia mbele ya watu wengi, kwa hiyo mkinisikia nakohoakohoa jueni ni aibu, si kifua. Niliwahi kumnyima mtu Komunyo mbele ya kigango kizima. Mtu mwenyewe hakuwa na kizuizi chochote, na kilichonifikisha hapo ni maneno mawili niliyoyasema Jumamosi jioni kwa kutaka kuonekana mtu wa maana.

Nilikuwa katekista wa kigango kimoja upande wa Ihumwa, kanisa la matofali ya kuchoma na bati, karibu na reli kiasi kwamba treni ikipita padre ananyamaza kuhubiri mpaka mabehewa yaishe. Ilikuwa miaka ile ya mageuzi, vyama vimekuwa vingi, maduka ya mjini yamejaa vitu ambavyo hatuna uwezo wa kuvinunua, na kila mtu Dodoma alikuwa anamjua mbunge fulani, au anasema anamjua (mtu akinywa soda meza moja na dereva wa mbunge, kesho anakuambia "jana nilikuwa na mheshimiwa").

Mheshimiwa wa mkasa huu alikuwa mama mmoja Mkatoliki, muuguzi mstaafu, ambaye wazazi wake wamezikwa kijijini kwetu. Jina nitaliacha, tumwite Mama Mbunge. Alikuwa amesimama bungeni akasema sheria ya kutoa mimba ilegezwe, kwamba yeye wodini amewafunika shuka wasichana wengi mno waliokufa kwa mizizi na vijiti, na hawezi kunyamaza. Redio ikatangaza. Paroko wetu akamwandikia barua kwamba, kwa kuwa ameyasema hayo hadharani na hajayakana, asipokee Komunyo mpaka wakutane wazungumze. Ikawa ndiyo habari ya kila kilabu na kila kisima, wengine wanasema Kanisa limefanya vema, wengine wanauliza mbona wanaume wenye nyumba ndogo wanapanga mstari kila Jumapili na hakuna aliyewaandikia barua. Mimi nilikuwa upande wa Paroko, na kusema kweli mafundisho yale nayashika mpaka leo.

Sasa ikaja sikukuu ya kina mama. Jumamosi yake Paroko alikuja na pikipiki kuungamisha watu, na alipomaliza akaniita pembeni.

"Kesho Mama Mbunge atakuja, kina mama wamemwalika. Barua nimeituma, lakini sina hakika kama imemfikia. Mimi nitagawa upande wa kulia, wewe kushoto. Akija kwenye mstari wako, mpe baraka tu apite, taratibu, usimwaibishe. Unamfahamu kwa sura?"

Mimi sura ya Mama Mbunge sijawahi kuiona. Sauti yake nilikuwa naisikia redioni, na magazeti ya kwetu yalikuwa yanafika yamefungia maandazi. Jibu lilikuwa fupi tu, hapana Padre, nionyeshe kesho, na mambo yangeishia hapo. Nikasema, "Namfahamu sana, Padre. Huwa tunasalimiana." (Hiyo "huwa tunasalimiana" sijui niliitoa wapi, hakuna aliyeniuliza.)

Na kwa kuwa uongo haupendi kukaa peke yake, jioni ile nikamtambia na Mama Koleta, jirani yangu ambaye ndiye alikuwa mwenyekiti wa kina mama, kwamba mgeni wao ni mtu wangu wa siku nyingi. Mama Koleta akasema haya, vizuri, lakini alikuwa hanisikilizi sana, maana nyumbani kwake alikuwa na mgeni wake mwingine na alikuwa na haraka ya kurudi.

Jumapili nikachungulia kutoka sakristia, kile chumba cha kuvalia, nikaona kina mama wote wamevaa sare. Kitenge kimoja cha bluu, kilemba kimoja, benchi hadi benchi. Kumwuliza Padre siwezi, kumwuliza Mama Koleta siwezi, kwa hiyo nikaanza upelelezi. Mbele kabisa kulikuwa na mama mtu mzima nisiyemjua, amewekewa kiti chenye mto, Mama Koleta yuko ubavuni mwake, anamshika kiwiko akitaka kusimama, anamfungulia kitabu cha nyimbo, anampepea kwa leso. Nikajiambia, ndiye huyo, nani mwingine wa kupepewa kanisani kwetu? Haikunijia kabisa kwamba mfiwa naye hupepewa.

Na hapo ndipo ninapojichukia zaidi, kwa sababu msiba wenyewe nilikuwa na habari nao. Mwezi mmoja nyuma Mama Koleta alikwenda Kibakwe, kule Mpwapwa, kumzika binti wa dada yake, aliporudi nikampa pole, nikamwuliza mtoto aliumwa nini, akasema tumbo. Basi, tumbo. Huyo dada mtu, Mama Yulita, ndiye aliyekuwa amekaa pale kwenye kiti chenye mto.

Wakati wa Komunyo akaja kwenye mstari wangu. Alifumba macho, akafungua mdomo. Mimi nikaufunika mdomo wa siborio kwa kiganja (siborio ndicho kile chombo cha Hostia), kisha kwa mkono huo huo nikachora msalaba hewani. Hakusogea. Nikasema chini chini, "Pita, mama." Akafumbua macho, akaniangalia, akasema "Amina," akidhani nimesahau kusema "Mwili wa Kristo", kisha akafumba tena na kufungua mdomo tena.

Nyuma yake watu wanasukumana. Mimi nikaona hiki ni kiburi cha wakubwa, barua kapata na bado anakuja kunijaribu mbele ya watu wangu. Basi yale ya "taratibu, usimwaibishe" yakanitoka kichwani, nikasema kwa sauti ile ninayofundishia watoto katekisimu, sauti ambayo haihitaji kipaza sauti, "Mama, umezuiwa kupokea, kwa sababu ya lile jambo la kutoa mimba. Kaonane na Paroko."

Kwaya ilikuwa imemaliza ubeti na haijaanza mwingine. Treni, siku ambayo ningeihitaji, haikupita.

Mama Yulita hakulia. Aligeuka akatazama mabenchi yote, moja baada ya jingine, kama mtu anayetafuta nani amemsema. Halafu akauliza kwa sauti ndogo ambayo kanisa zima lilisikia, "Nani kakwambia? Mwanangu si nimeshamzika?" Akakaa chini pale pale kwenye njia.

Mama mmoja akainuka kutoka benchi la mwisho, amejitanda kanga iliyopauka, hana sare, akaja haraka, akapiga magoti, akamshika mkono kusikiliza mapigo, akawaambia watu wampishe hewa. "Lete maji," akaniambia. Padre alikuwa ameshafika na kuninyang'anya siborio, nikakimbia nikarudi na kikombe cha maji niliyoyachota kwenye ndoo ya maji ya baraka, maana ndiyo ndoo pekee niliyoiona. Wakamtoa nje kivulini nyuma ya sakristia. Alipotulia, mama wa kanga akanigeukia.

"Wewe ndiye katekista?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo." (Nilimwamkia, jamani, saa kama ile.)

"Marahaba. Mbunge uliyekuwa unamtafuta ni mimi. Barua ya Paroko niliipata, ndiyo maana nimekaa nyuma na sikuvaa sare. Sikuwa na nia ya kupanga mstari wa mtu. Ungeuliza tu, baba, yeyote kule nyuma angekuonyesha."

Hakunigombeza zaidi ya hapo. Angenigombeza ningepata nafuu.

Kabla ya baraka ya mwisho Paroko akatangaza kwamba katekista amekosea mtu, yule mama hana kizuizi chochote. Lakini tangazo halikuweza kufuta lile swali. Watu waliojua kwamba binti alikufa kwa tumbo sasa walijua ni tumbo la namna gani, na kabla jua halijazama habari ilikuwa imefika Ipagala. Siri ambayo ukoo mzima wa watu wa Kibakwe uliibeba mwezi mzima, mimi niliimwaga kwa pumzi moja.

Likafuata baya zaidi. Alasiri Paroko alimpelekea Mama Yulita Komunyo nyumbani kwa Mama Koleta, yule mama akakataa hata kumtazama Padre. Mama Koleta ndiye aliyenieleza sababu, akiwa amesimama mlangoni kwangu, hataki kuingia. Dada yake alikuwa ameungama Jumamosi. Yule binti alimwambia mama yake kwamba ana mimba, mama akamjibu asimletee aibu nyumbani, aende nayo huko alikoipata. Binti akaenda, na kilichorudi ni maiti. Hayo, mpaka alasiri ile alipomfungukia mdogo wake, Mama Yulita hakuwa amemwambia mtu yeyote duniani ila padre, kwenye kitubio, na Padre akamwambia kesho aje apokee kwa amani. "Sasa anasema, aliyoyanong'ona Jumamosi kwa Padre, Jumapili katekista anayatangaza. Mwambie mwenyewe kwamba Padre hakukwambia."

Na mimi, mnajua nilifanya nini? Nilisema ni ile sare, iliwafananisha kina mama wote. Nikamwambia hivyo yeye, nikamwambia hivyo na Paroko, nikalishika neno hilo la sare wiki mbili nzima. Kesho ya ile Jumapili Mama Yulita akapanda basi la Mpwapwa akarudi kwao, na huko nako ikaanza kusemwa kwamba paroko wa huku anatoa siri za watu. Waungamaji wakapungua. Jumamosi moja Padre alikaa peke yake kanisani, ile stola ya kuungamishia shingoni, mpaka giza likaingia. Nilipokwenda kufunga milango akaniambia, "Mimi siwezi kujitetea. Hata kusema kwamba aliungama au hakuungama siwezi. Wewe unaweza."

Nikamwambia palepale, Padre, simfahamu Mama Mbunge, sijawahi kumfahamu. Akavua stola, akaikunja. Halafu akaniambia niende nikaseme kwa yule aliyeumia.

Nilikwenda Kibakwe kwa basi lile lile la Mpwapwa. Mama Yulita alinikaribisha vizuri kuliko nilivyostahili, akaniwekea kigoda, akaniletea uji wa ulezi. Nikamweleza yote, kwamba Padre hakuniambia neno, kwamba nilitaka kuonekana najuana na wakubwa, nikamdhania yeye ndiye mbunge kwa sababu alikuwa anapepewa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuamini," akasema. "Na kumwambia Padre samahani nitamwambia, nilimwonea. Wewe nawe nimekusamehe, mwanangu."

Nikamwuliza kama basi Jumapili atapokea.

"Nimeshajaribu hapa kwetu. Nilifika mbele, nikafumba macho, nikaona ule mkono wako unafunika chombo. Mdomo ukakataa."

Mama Mbunge hakurudi nyuma kwenye maneno yake, na Paroko hakurudi nyuma kwenye barua yake, hilo ni lao na Mungu. Mimi nilisimama kigangoni nikakiri mbele ya watu kwamba niliongopa, wakacheka kidogo, waungamaji wakaanza kurudi mmoja mmoja. Nikaomba nisigawe tena Komunyo, na sijagawa mpaka leo, nafundisha watoto tu. Wakati wa kupokea huwa nabaki nyuma mpaka mstari uishe ndipo naenda wa mwisho, na mtu akiniuliza kwa nini namwambia ni magoti. Ukweli ni kwamba saa hiyo hiyo kuna mama Kibakwe ambaye wenzake wameinuka na yeye amebaki benchini, na aliyemkalisha ni mimi.