Nilivyotulizwa kwa Maneno, Mguu Usikatwe

Nyie vijana mtakaosoma haya, acheni kucheka kwanza. Nasema lililonipata mwilini, sikuhadithiwa.

Nilikuwa mzima. Nalima mihogo, nasuka ukili wa mikeka, nachemsha mafuta ya nazi ya kuuza hapa kwetu Tungue, Msumbiji ya kaskazini. Siku hiyo figa likateleza, sufuria ikapinduka, mafuta ya moto yakanishuka kutoka gotini mpaka unyayoni. Ngozi ikabanduka kama ganda la muhogo uliochemka.

Hospitali walinipa sindano na vidonge. Lakini kila walipobandua kitambaa kidondani nilipiga mayowe, wagonjwa wenzangu wakatoka nje. Mwisho nikakataa. Nikamwambia muuguzi, "Ukinigusa nakung'ata." Akaona sitanii, akaniacha. Kidonda kikatoa usaha, kikanuka, mpaka mwenyewe nikageuza uso. Daktari akasema, "Bibi, kisipooshwa, mguu huu tutaukata."

Akaletwa daktari mwingine, dotora kwa Kireno, binti kutoka Beira, kazi yake kutuliza watu kwa maneno. Wenyewe kwa Kireno wanaita ipinoze. Hakujua Kiswahili, mwanangu Zaituni ndiye aliyetufasiria.

Ndugu yangu Mwanaiti, mdogo wangu, aliposikia akaja mbio. "Dada, huko ni kupungwa majini kwa Kireno! Utaanguka, utasema siri zako zote mbele za watu."

"Siri gani niliyonayo mie?"

"Unazijua mwenyewe."

Sasa, nyie hamkuziona ngoma za majini za zamani. Mtu anafunikwa shuka, anafukizwa ubani, kichwa kinazunguka, anaanguka anaunguruma. Basi mie nikalala kitandani nangoja jini anipande. Dotora akasema tu, "Fumba macho, vuta pumzi." Mabega yakaanza kutikisika. Kichwa kikazunguka. Nikaunguruma, nikadai ubani na marashi.

Muuguzi akapiga kelele, "Dotora, huyu kapandisha!"

Akagusa kitambaa. Nikaruka, jini wala nini! Maumivu yale yale.

Dotora hakucheka. Akaniuliza, "Vovo, nani kakuambia utatikisika?" Ndivyo alivyoniita, vovo, bibi kwa Kireno.

"Kila mtu anajua."

"Mimi sikusema. Ulingoja kutikisika, mwili ukakuletea kutikisika. Hapa hapana jini. Hutalala. Utanisikia, na ukitaka ninyamaze utaniambia ninyamaze, nami nitanyamaza."

"Siri je?"

"Siri zako kaa nazo."

Zaituni alipofasiri hilo akacheka. Nikamtazama, akaacha.

Dotora akaniuliza ni kazi gani inayonisahaulisha vyote. Nikamwambia kusuka ukili. Nikianza ukili, hata mchuzi ukiungua jikoni sisikii harufu, watu wa nyumbani wanajua. Akasema, "Vizuri, tutasuka."

Nikasoma Ayatul Kursiy kwanza. Hakunizuia. Nikafumba macho, naye akanisemesha taratibu, Zaituni akifuata kwa sauti ile ile. Nikajiona nimeshika miyaa ya ukili mikononi, nikaona rangi yake, nikapitisha chini nikapitisha juu. Akasema mguu uko kwenye maji ya kisima. Ukapoa. Wallahi ulipoa. Kitambaa kilipobanduliwa maumivu nilikuwa nayo, lakini kama ugomvi wa nyumba ya jirani: unausikia, na huinuki kwenda.

Nikasikia muuguzi anasema, "Tumemaliza, bibi." Nikalia. Nililia kwa sababu mguu ulikuwa wangu bado.

Tukafanya hivyo kila kidonda kilipooshwa. Siku nyingine maneno yalishika vizuri, nyingine kidogo. Mzee wa kitanda cha pili alijaribu akasema hakuona kitu. Basi, watu hatufanani. Na sindano sikuacha, wala nyie msiache. Maneno hayakufunga kidonda, dawa na kuoshwa ndivyo vilivyokifunga. Maneno yalinifanya nikubali kuoshwa.

Leo ngozi ya mguu imekunjamana, ina mabaka, lakini naukanyagia. Alhamdulillahi. Nawashukuru yule binti, muuguzi niliyemtisha, na Zaituni aliyekaukwa koo kwa ajili yangu. Mkipewa tiba msiyoijua, muulizeni mwenye tiba itakuwaje, msiwaulize majirani.

Juzi mke wa mwanangu wa kiume alikuwa anakwenda kung'olewa jino, Mwanaiti akaanza kumsimulia damu na koleo. Nikawaita wote uani, na Mwanaiti humo humo. Nikawaambia: katika nyumba hii, mgonjwa asisimuliwe atakavyoumia. Mwenye hamu ya kusimulia akawasimulie mbuzi.