Gauni Lisilo na Pa Kuingilia

Katika karakana iliyo nyuma ya duka la vioo, kila mtu alimwita Springi, hata mteja aliyefika kwa mara ya kwanza. Alikuwa fundi wa makochi. Kazi yake aliifanya kwa utaratibu ule ule kila siku: kochi kuukuu huvuliwa kitambaa hadi zikabaki mbao tupu, springi zilizolegea hukazwa, sponji mpya hukatwa na kupangwa, kisha kitambaa kipya hutandazwa juu na kuvutwa mpaka kisibaki na kunyanzi hata moja. Mwisho kabisa hufungwa upande usioonekana, kwa pini za stepla au kwa sindano ya upinde. Akimaliza hulipiga kochi kofi la mgongoni na kusema, "Haya mzee, nenda kwenu."

Mkewe alikuwa muuguzi. Mwezi ule alipelekwa mji mwingine kwa mafunzo ya kazi, na kabla ya kuondoka alipanga kila kitu cha nyumba, kuanzia sare za shule hadi nani atafungua mlango wa nyuma. Kwa mumewe alibakiza jambo moja.

"Baba Chiriku, gauni la mtoto liko kwa fundi cherehani. Lichukue mapema ili mtoto alijaribu kabla ya Jumamosi. Ni hilo tu."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu. Na nakujua."

Chiriku alikuwa binti yao wa pekee, mwanafunzi wa darasa la nne, na jina hilo alilipata kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Jumamosi ile, katika ukumbi wa maktaba, watoto wangepita jukwaani wakiwa wamevaa kama wahusika wa katuni wanazozipenda. Chiriku alichagua kuwa binti mfalme mmoja mwenye gauni la buluu, ukosi uliosimama wima hadi masikioni, na mabega mapana kama ya mlinzi wa benki. Alikwisha kuwatangazia darasa zima, mwalimu wa hesabu, na muuza maziwa. Asingepita jukwaani, Jumatatu ingekuwa siku ndefu sana kwake.

Springi aliipiga danadana safari ya kwa fundi cherehani. Jumatatu aliletewa viti vya ofisi, Jumanne mvua ilinyesha, na Jumatano alisahau kabisa mpaka mkewe alipopiga simu jioni.

"Umelichukua?"

"Lipo, usijali," akajibu.

Alisema hivyo kwa kuwa alikusudia kulichukua kesho yake, na kwa maoni yake hapakuwa na tofauti kubwa kati ya jambo lililokwisha kufanyika na jambo lililokusudiwa kwa moyo safi.

Alhamisi alikuta mlango wa fundi cherehani umefungwa kwa kufuli. Muuza vifungo wa jirani alimtazama kuanzia juu hadi chini.

"Wewe ndiye baba wa binti mfalme? Fundi amekusubiri wiki nzima. Dada yake kajifungua pacha, naye kaenda kumsaidia."

"Ufunguo kamwachia nani?"

"Kaondoka nao."

"Atarudi lini?"

"Ndugu yangu, umewahi kuona pacha wakalelewa kwa siku mbili?"

Nyumbani Springi alimwambia bintiye kwamba fundi amewaangusha. Chiriku alinyamaza, na kwa kuwa kunyamaza kwake kulikuwa kitu adimu, baba alihisi kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi mgongoni.

"Sasa nitavaa nini?"

"Nitakushonea mimi," akasema, naye mwenyewe akashangaa kujisikia.

Habari zilimfikia dada yake, msusi ambaye chumba chake cha kazi kilitazamana na karakana. Alivuka njia huku kitana kikiwa kimechomekwa nyweleni.

"Kaka, mtoto ana kiuno. Kochi halina kiuno."

"Kochi lina mgongo, lina mikono, lina miguu. Kiuno ndicho kitanishinda?"

"Na mabega?"

"Nitayajaza sponji."

"Haya bwana. Ila usije ukamwekea magurudumu."

Kitambaa hakikuwa tatizo. Palikuwa na vipande vya mahameli ya buluu vilivyobaki kwenye kazi moja ya zamani, na mwenye kochi aliwahi kusema havihitaji. Springi alimsimamisha bintiye juu ya meza ya kazi, akampima kwa utepe.

"Urefu," akasema, akaandika kwa chaki mezani. "Upana. Sasa kina."

"Kina, baba? Mimi ni kisima?"

"Kutoka tumboni hadi mgongoni. Usicheke, unaniharibia vipimo."

Ijumaa Chiriku alikuwa shuleni, na baada ya shule alikuwa mikononi mwa shangazi yake akisukwa. Kwa hiyo Springi alijitengenezea mtoto mwingine. Alikata vipande vya sponji, akavigandisha kwa gundi, akavichonga kwa kisu kirefu mpaka vipimo vyote vikalingana na vile vya mezani. Mwili huo wa sponji, usio na kichwa wala mikono, ukawekwa juu ya kigoda. Shangazi alichungulia mlangoni.

"Na huyu naye nimsuke?"

"Niache nifanye kazi, dada."

Akafanya kazi. Kwa mara ya kwanza wiki ile hakupokea mteja yeyote. Mahameli aliikata akihakikisha vinyweleo vyake vyote vinalalia upande mmoja, ili buluu isionekane ya aina mbili. Aliitandaza juu ya sponji, akaivuta, akaibana kwa pini, akaishona. Mabega aliyanyanyua kwa sponji ngumu, ile inayowekwa kwenye mikono ya makochi ya watu wazito. Ukosi aliutia karatasi ngumu ndani, na kwa kuwa ulikula mahameli nyingi kuliko alivyodhani, kipande cha mwisho kikaishia hapo. Kifuani alipanga vifungo alivyovifunika kwa kitambaa kile kile, akavikaza mpaka vikazama kidogo kama vinavyozama kwenye mgongo wa kochi la kifahari.

Watu walianza kusimama mlangoni. Mwenye duka la vioo, ambaye kwa kawaida hufika kulalamikia vumbi tu, alileta kioo kirefu akakiegemeza ukutani bila kuombwa. Springi alifunga mshono wa mwisho wa mgongoni kwa mkono, kwa uzi uliojificha usionekane ulikopita. Kisha akaupiga mgongo ule kofi.

Jumamosi asubuhi Chiriku alifika na shangazi yake, nywele zimesukwa na kuzungushwa kama taji. Alilizunguka gauni mara mbili, mikono ikiwa nyuma, kama mkaguzi.

"Baba, ni lenyewe. Ni lenyewe kabisa!"

Springi alishindwa kuzuia meno yake yasionekane.

"Sasa naingilia wapi?"

"Unaingilia..." Springi alinyoosha mkono kuelekea mgongoni, akaurudisha. Alilizunguka gauni yeye naye. Ukosi ulikuwa umefungwa. Mgongo ulikuwa umefungwa. Sketi ilikuwa wazi chini, lakini juu yake kulikuwa na kiuno kilichokazwa sawasawa na kiuno cha Chiriku, na mabega ya Chiriku yasingepita hapo hata kwa kupakwa mafuta.

Shangazi alielewa kabla ya wote. Alishika mlango, akacheka mpaka akachuchumaa.

"Kaka! Umemfungia mtoto nje!"

Maisha yake yote Springi alikuwa amevika vitu ambavyo tayari vimo ndani. Kochi haliingii kwenye kitambaa chake, kitambaa ndicho hulifuata, likafungwa humo likatulia miaka kumi. Kwamba kuna kitu cha kuvaa asubuhi na kuvua jioni, alijua kama anavyojua mtu yeyote aliyevaa shati, ila mikono yake haikuwahi kuambiwa.

Saa nne maonyesho yangeanza. Alichukua wembe, akaufumua mshono wa mgongoni. Sponji ilichomoka, na ilipotoka ikatanuka mbele ya macho yao kama mtu aliyefungua mkanda baada ya kushiba. Hapo Springi aliona kosa la pili. Chiriku aliingizwa, mikono ikapita, mbele kukakaa vizuri mno, lakini nyuma kingo za kitambaa hazikukutana. Ziliachana kwa upana wa vidole vinne. Sponji hukubali kubanwa. Mtoto ana mbavu.

"Nisipopumua linakaribia kufika," Chiriku akasema kwa sauti nyembamba.

"Utapumua," baba akasema.

Zipu alikuwa nazo, zile za kwenye mito ya makochi, lakini zipu inataka kingo mbili zinazokutana. Mahameli ilikuwa imekwisha. Kilichobaki karakanani ni kile kitambaa cheusi kinachopigwa chini ya kochi ili vumbi lisipande. Springi alipiga moyo konde, akakata kipande cha kitambaa hicho, akauziba nacho mgongo wa bintiye, akatunga uzi mnene kwenye sindano ya upinde.

"Simama kama kochi."

"Kochi linasimamaje?"

"Kimya."

Kati ya kitambaa na ngozi alipitisha kipande cha karatasi ngumu ili sindano isimchome, akaanza kumshona humo. Shangazi alishika kingo kwa muda, kisha akaenda kumtafutia viatu. Wakabaki wawili, na kila uzi ulipopita ulitoa mlio mdogo.

"Chiriku," Springi akasema bila kuacha kazi. "Fundi hakutuangusha."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Mama alipokuuliza Jumatano ulisema lipo. Mimi nilikuwa mezani nakula."

Sindano ilisimama.

"Mbona hukusema?"

"Sikuulizwa mimi."

Springi akaendelea kushona. Alipofunga fundo la mwisho alimgeuza bintiye kwenye kioo kirefu. Kwa mbele alikuwa binti mfalme asiye na kasoro. Kwa nyuma alikuwa kochi lililopinduliwa.

"Ukifika jukwaani, usiwape mgongo. Nenda mbele, simama, rudi kinyumenyume."

"Na likinibana?"

"Nitakuwa pale na mkasi."

Walikwenda ukumbini kwa miguu, kwa sababu Chiriku hakuweza kukaa. Wenzake waliketi kwenye viti wakila biskuti huku yeye amesimama wima kando ya ukuta, akiwasimulia kwa mdomo tu, mikono ikiwa imetulia. Springi alisimama upande wa pili wa ukumbi, mkasi mkononi, akiwa na sura ya mtu aliyekuja kuzindua barabara.

Jina lake lilipoitwa, Chiriku alipanda taratibu. Mwanga ulipoipata mahameli, ukumbi uligeuka wote. Alifika mbele, akasimama, akainua kidevu juu ya ukosi. Makofi yakaja, na yalikuwa makofi ya kweli. Kisha akaanza kurudi kinyumenyume. Hatua ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili kisigino kilikanyaga pindo, akayumba, akajishika. Akatazama nyuma, akatazama mbele, akaamua. Akageuka na kuwapa watu mgongo mzima, mweusi, uliopigwa uzi mnene huku na huku.

Minong'ono ikapita. Mshereheshaji, kijana mchangamfu mwenye koti linalong'aa, akamwekea kipaza sauti mdomoni.

"Binti mfalme, huko mgongoni kumetokea nini?"

"Nimeshonwa humu. Siwezi kutoka."

Ukumbi ukacheka.

"Nani kakushona?"

"Baba. Yule pale mwenye mkasi."

Shingo zote zikageuka. Springi aliushusha mkasi, akaupandisha tena, maana hakujua wapi mkasi unapaswa kukaa.

"Sasa ilikuwaje mpaka baba akakushona humo ndani?"

Mtoto huyu aliwahi kumsimulia mkaguzi wa maji habari za bili, na kwa mwalimu mkuu alipeleka habari za mkoromo wa baba yake. Kipaza sauti kilikuwa wazi, na kisa chote alikuwa nacho: danadana, kufuli, simu ya Jumatano. Chiriku alimtazama baba yake.

"Ni fundi wa makochi," akasema.

Watu walivunjika mbavu. Springi naye alicheka, ila alichelewa kidogo kuliko wengine.

Zawadi ilikwenda kwa mvulana aliyejitengenezea vazi la makopo. Chiriku alipiga makofi kwa kadiri mabega yake yalivyomruhusu, kisha akashuka mbio za hatua fupifupi.

"Baba. Mkasi. Msalani. Sasa hivi."

Nyuma ya pazia, Springi aliukata uzi wote kwa mikato michache, na Chiriku akachomoka akiwa na fulana na kaptura aliyoivaa ndani, akatoweka na shangazi yake kwenye korido. Gauni lilibaki mikononi mwa baba, limesimama lenyewe kwa ugumu wa mabega yake.

Simu ilipolia, Chiriku alikuwa amerudi. Aliona jina la mama yake, akaipokea kabla ya mwenye simu.

"Mama! Nimepita! Watu wamepiga makofi, halafu wakacheka, lakini si vibaya, halafu mvulana wa makopo ndiye kapata zawadi, ila kopo moja lilimdondoka. Shangazi kanisuka taji. Nilitaka kuanguka sikuanguka."

Akasikiliza. Sauti ya mama ilitoka nyembamba, lakini Springi aliisikia ikiuliza kama fundi alilishona vizuri.

Chiriku alifuta mkono wake mmoja kwenye kaptura.

"Gauni limekuwa zuri sana, mama. Mambo ya fundi atakusimulia baba. Huyu hapa."

Akamkabidhi simu. Hakuondoka. Alisimama pale pale mbele yake, akimtazama mdomoni.

Springi aliiweka simu sikioni.

"Mama Chiriku," akasema, "unakumbuka Jumatano nilikwambia lipo?"